Mpeni Mrefu

Nizwa, Ijumaa, 2003

Na kaptura zao sasa zinafika magotini! Enzi zetu, kwetu Unguja na hata kwa hao wachezaji wa kulipwa wa Marekani, basketi ilikuwa bukta fupi, na mpira anapewa mrefu chini ya kikapu. Leo kwenye televisheni mrefu mwenyewe kasimama mbali, anarusha tu.

Nikashindwa kuvumilia. "Mpeni mrefu, nyie!"

Nasser, mwanangu, akacheka, akanijibu kwa Kiarabu, "Baba, hayo ya zamani." Wajukuu wakanitazama tu, Kiswahili hawakijui. Wakarudi kwenye tende zao.

Marehemu mke wangu angechomoza jikoni na mwiko wake: "Hebu nyamaza, bwana! Kwani wanakusikia huko Marekani?"

Leo nimenyamaza mwenyewe, bila ya kuambiwa.