Chumvi ku Ulimi Yangu

Nkambo,

Mupe, padri yetu, alishafika mbele yangu na chumvi ya ubatizo ku vidole, na minyi nilikuwa ningali nafunga mudomo. Benzangu balikuwa bamefungua mudomo yabo kama batoto ya ndege, bamepokea chumvi, bamemaliza. Nilibakia minyi. Mukono yangu ikapanda yenyewe, ikafunika mudomo, vile unaijua. Mupe akangojea. Akasema pole-pole, "Fungua, kijana." Nikashindwa.

Weye unajua juu ya nini. Weye, bibi yangu mwenye kunilea, njo muntu wa kwanza uliona. Nilikuwa mutoto wa ku mugongo, kule kwetu upande wa Mulongo, ukatia kidole mu mudomo yangu ukasikia lino, jino ya kwanza. Haikuwa chini, vile ya batoto bote. Ilikuwa yulu. Uliniambia ulinifunika na kitambaa, ukasema mutoto iko na baridi, na jua ilikuwa inachoma mpaka mbuzi banakimbilia kivuli. Lakini lino haifichiki. Bakubwa ya muji balipoona balisema mutoto wa meno ya yulu analeta kifo mu nyumba, na mama alikuwa amekufa ya kunizala, basi kwao mambo ilikuwa imeisha. Balikuwa bamenipa jina ya nkambo mwanaume, Ilunga. Bakaiondoa, juu basiharibu jina ya mufu. Habakunipa ingine. Bamoya balisema unitupe mu mayi.

Weye ulisema, "Mayi iko na samaki ya kutosha."

Nkambo, kila mara nakumbuka ile neno, nacheka peke yangu. Ukanibeba. Mutumbwi mpaka Bukama, kisha treni, tukapita Luena kwenye banachimba makaa, mpaka hapa Kamina kwa mutoto yako, Baba Mukubwa, mwenye alikuwa anafanya kazi ya treni. Ulisema ku treni nililia sana, na bantu balikuwa bananiangalia mu mudomo, na weye ukaweka ziwa yako ya uzee mule juu basione.

Baba Mukubwa hakunifukuza. Hakuninyima bukari, ugali ya nyumba yake. Lakini alikuwa amebeba woga ya muji ndani ya sanduku yake, pamoja na manguo. Mvua ya kwanza ikinyesha, bote banatoka na majembe kuenda ku shamba, yee anasema bila kuniangalia: "Ule abakie na nyumba." Juu mukono yangu isiguse mbegu. Na mahindi mapya, bote banakula kwanza, minyi kisha. Ule. Njo jina yangu ilikuwa ile. Batoto ya kampi ya treni baliniita Meno. Weye peke yako uliniita "mume yangu", na ulikuwa unapiga mukono yangu ukisema, "Toa! Mudomo haiko mulango ya gereza!"

Unakumbuka siku Mupe alikuya kukubatiza ku kitanda? Akakuambia jina yako itakuwa Marta. Ukauliza, "Huyu Marta alikuwa nani?" Akasema alikuwa mwanamuke wa kazi mingi, anapika, anapangusa, hakai chini. Ukasema, "Basi njo minyi. Munimwangie mayi mbio, mbele abadilishe mawazo." Hata Mupe alicheka. Kisha ukanishika mukono. Mukono yako ilikuwa nyepesi kama jani ya muhogo yenye imekauka. Ukasema: "Mume yangu, mi nimepata yangu kwa kulala tu. Weye uko na miguu. Wende kwa bale benye kupana majina, urudi na moya."

Kisha ukaenda.

Siwezi kuandika mingi juu ya ile siku. Nilikaa ku kiti yako ya kuchambulia maharagi, nikangojea muntu aniite. Hakuna mwenye aliniita.

Nikaenda ku katekismu. Nilikaa karibu na mulango, mukono ku mudomo, naangalia bantu. Muntu mwenye kuficha meno yake anaona meno ya bantu bote. Naweza kukuambia meno ya kila mukristu wa Kamina! Na mwenye kutufundisha, Papa Dezire, mwenye kutengeneza magurudumu ya treni ku atelier, ile karakana yabo, alikuwa na meno ya yulu tu. Ya chini yote ilikwisha kuanguka. Anasali, anaimba, anakula muwa ku upande, bila haya. Njo yee alinifundisha kuandika. Unaona herufi yangu inalala-lala, sawa mabehewa yenye imetoka ku njia. Haiko kosa yake.

Siku moya alitusimulia juu ya Zakaria, ule padri wa zamani mwenye mudomo yake ilifungika. Anaingia, anatoka, hasemi. Mpaka mutoto yake anazaliwa, jamaa inabishana juu ya jina, na saa ile ya jina, mudomo inafunguka. Nkambo, nilisikia kama muntu amenigonga ku mugongo. Niliangalia nyuma: ukuta tu. Nikasema mu roho, mi nitaitwa vile.

Nikamwambia Papa Dezire, nyuma ya mukono yangu. Akasema, "Zakaria alikuwa muzee ya ndevu, weye hauna hata moya." Kisha akauliza juu ya nini naficha mudomo. Nikamwambia yote. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwambia muntu. Hakucheka. Akasema, "Mungu alikujua mbele haujaota hata lino moya. Unafikiri alikuwa anangojea aone itatokea upande gani?"

Sasa turudi ku kanisa, juu nilimuacha Mupe na chumvi yake.

Nilikuwa nasimama pale, siku ya Mama Maria kupanda mbinguni, na najua Baba Mukubwa iko kule nyuma ku mulango. Alikuya. Kofia yake ya treni mukononi. Jina yangu nilishaisema, lakini niliisema nyuma ya mukono, hata nzi hakuisikia. Nikawaza: nikifungua mudomo, mambo ya muji itaingia mu kanisa. Nikifunga, nitatoka hapa vile niliingia, Ule, na Nkambo atanikuta kule mbele bila jina. Papa Dezire, parrain yangu, baba yangu wa ubatizo, alikuwa ku mugongo yangu, mukono yake ku bega yangu. Akainama. Akanisemea mu sikio:

"Mutoto, angalia mi. Nabakia na ya yulu tu. Shiye babili njo jamaa moya."

Na akatabasamu na ile meno yake yote ya yulu!

Nkambo, nilicheka. Nilicheka ndani ya kanisa, mudomo wazi, mpaka ku koo. Mupe, muntu wa akili, hakungojea: akatia chumvi. Ulimi yangu ikasikia ukali ile, na kicheko ikachanganyika na machozi. Akasema, "Sasa sema tena jina yako, bantu basikie." Nikasema: "Zakaria." Sauti yangu sikuijua. Ilikuwa kubwa, kama ya muntu mwenye kuita mwenzake ngambo ya muto. Bamama bakapiga vigelegele. Kisha mayi ikamwangika ku kichwa, ya baridi sana, nikacheka tena.

Nilikuwa nafikiri ubatizo itanifanya muntu mwingine. Nilipofika nyumbani niliangalia mu mayi ya ndoo: meno ni ile ile. Sura ni ile ile, hata kovu ya mwiko yako. Nikafurahi. Maana Mungu aliniita hivi nilivyo, na ile muntu mwenye ulikataa kutupa, njo huyu.

Baba Mukubwa alitoka bila kunisalimia. Siku mingi hakuniita Ule tena, lakini hakuniita kitu. Papa Dezire akaenda kwake, akala bukari yake, akamwuliza, "Ndugu, mi na meno ya yulu tu nakula kwako kila mwezi. Mahindi yako ilishakufa?" Baba Mukubwa akasema, "Yako ni uzee." Papa Dezire akasema, "Aa, basi meno inasamehewa ikizeeka?" Mama Mukubwa alicheka mpaka akamwanga mboga. Baba Mukubwa hakucheka.

Na usiku mvua ya kwanza ikanyesha. Asubuhi hii nilisikia majembe, nikakaa ku kiti yako, nangojea ile neno. Baba Mukubwa akasimama ku mulango na kitunga ya mbegu. Alikuwa anafungua mudomo, anafunga, sawa minyi ku kanisa! Mwisho akasema, "Ilunga Zakaria." Yote mbili. Akasema, "Mi nilikuwa naogopa, mutoto yangu. Ningali naogopa. Lakini kuya utie ya kwanza."

Nikamwuliza, "Na mahindi ikikataa?"

Akasema, "Ikikataa tutasema ni panya."

Basi, ulinituma jina moya, Nkambo, nimerudi na mbili. Wafwako, asante sana. Lala muzuri, Marta wa kazi mingi, usipanguse kitu kule, bengine bafanye. Nakuahidi: Mungu akinipa mutoto mwanamuke, ataitwa jina yako, na lino yake ya kwanza itokee kwenye itataka, mi nitacheza ngoma. Na mahindi ya kwanza ya hii shamba nitaikula ku kaburi yako, mudomo wazi, uone.

Nakuacha sasa. Bananiita ku shamba, "Zakaria! Zakaria!", bamesimama bote na mashimo wazi, mvua ingine inakuya, na hakuna mwenye anaweza kutia mbegu mbele yangu.

Mume yako,
Ilunga Zakaria