Mbuzi wa Béata Wasirudi

Goma, Majengo
Tarehe 17 mwezi wa tano, 2009

Mpendwa yaya Laurence, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu sana kwa jina la Bwana. U mzima? Miguu yako iliyovimba kwa ile safari ya kukimbilia Uganda imepona? Na hema lenu bado linavuja, au wamewapa shitingi mpya? Kila mvua ikinyesha hapa nakuwaza wewe huko kambini Nakivale. Sisi tuko, tunapumua. Kifua kinanibana asubuhi kwa vumbi la haya mawe meusi, lakini mchana nafanya kazi. Héritière wangu amenipita kwa urefu. Yuko mwaka wa tano wa sekondari, anasoma biolojia na kemia.

Yaya, barua yako nimeipata. Nimeisoma mara tatu. Unasema Jumapili ya kwanza ya mwezi wa sita mtakaa na wazee wa upande wa Béata, mdai mbuzi wenu wa mahari warudi, na mwanao Moïse amwache huyo msichana. Unasema sababu ni barua yangu ya mwezi wa tatu, pale nilipokuandikia kwamba Émérance, dada mkubwa wa Béata, ana mkono mbaya unaoharibu pombe, na mkono wa namna hiyo unatembea ndani ya ukoo.

Nakuomba usifanye hivyo. Nilichoandika hakikuwa kweli. Kaa chini nikueleze chote, hata pale ninapoona haya.

Émérance unajua alikimbia Masisi. Nilimkuta parokiani na mtoto mgongoni, nikamleta nyumbani mwezi wa kwanza, akaanza kunisaidia kukamua ndizi za kasiksi, hii pombe ya ndizi ninayouza. Tangu aingie, pombe ikawa kali kama siki, mapipa matatu mfululizo. Wateja wakanuna. Muzee Habarurema, yule jirani asiyekosa kikombe cha kwanza, alisema mbele ya watu: "Mama Héritière, tangu uchukue huyu mwanamuke, tunakunywa machozi yake!" Watu wakacheka, mimi nikaamini. Tumelelewa hivyo, yaya, unajua mwenyewe. Pombe ikiharibika, tunatafuta mtu.

Barua yako ilipofika, sikumficha Émérance. Hakulia. Aliendelea kuchambua maharagwe, akasema, "Mukono huu ndio unawapikia kila siku. Mbona hamujakufa?" Kesho yake akaanza kufunga vitu vyake, na yaya, hana pa kwenda huyu.

Héritière akamzuia mlangoni, kisha akanigeukia mimi. "Mama, weye unajua, ao unawaza tu? Tupime." Nikamwambia pombe haipimwi na watoto. Akasema, basi tuiache ijipime yenyewe.

Alinieleza, na mimi niliyeishia mwaka wa tatu wa shule ya msingi nimeelewa hivi. Kila chenye uhai kimejengwa kwa vyumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho, vinaitwa seli. Wewe na mimi tuna seli zisizohesabika, lakini kuna viumbe wenye seli moja tu, na hiyo ndiyo mwili wao wote. Levire, ile ya kuumulia mkate, ni mmoja wao. Wanakaa kwenye maganda ya ndizi na kwenye mtama. Wanakula sukari ya ndizi, wanatoa pombe na hewa, ndiyo lile povu. Miaka yote hii nilidhani napika, kumbe nilikuwa nachunga mifugo nisiyoiona! Tena kuna wadudu wengine, wadogo kuliko hao, wanaokula pombe yenyewe na kuigeuza siki, mradi wapate hewa.

Akatafuta bidoni sita za lita tano, akaziosha kwa sabuni na maji ya moto. Ndizi zilezile, maji yaleyale ya kuchemsha, mtama uleule. Tatu akakamua Émérance, tatu nikakamua mimi, sote tumenawa hadi viwiko. Alisema kitakachotofautiana kiwe mkono peke yake, maana ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja hutajua kipi kilifanya kazi. Akaandika namba juu ya bidoni, na karatasi ya kusema ipi ni ya nani akaiweka ndani ya daftari lake. Dawa za maabara hakuleta hata tone, mwalimu wake amekataza zisitoke shuleni. Na sisi akatukataza kuonja chochote chenye ukungu.

Mimi, kwa kuogopa nzi, nilikaza kifuniko cha bidoni moja. Kesho yake mchana kikafyatuka: pa! Watu wote wa uwanjani walilala chini, unajua tulivyo sasa. Muzee Habarurema akatoka chini ya benchi, povu kichwani: "Mama, risasi zimetuacha, sasa unataka kutumaliza na kasiksi?" Nilicheka mpaka nikalia, na ndani ya kulia huko nilikumbuka Kiwanja, kwetu tulikokimbia risasi. Héritière akalegeza vifuniko vyote. Hewa ya levire ni lazima itoke, la sivyo chombo kinapasuka na kuumiza mtu.

Sasa nakuja mahali pa aibu. Mtoto alipoenda kuteka maji, nilifungua daftari lake. Nikafunga uzi mweusi kwenye mishikio ya bidoni za Émérance, ili nijue. Siku ya tatu tukaonja. Zote tatu zenye uzi zilikuwa kali. Sikudanganya, yaya, ulimi wangu ulisikia ule ukali kabisa. Nikasema, "Munaona?"

Héritière hakubishana. Akatuomba tutoke kidogo, kisha akatuita tuonje tena. Nikaonja. Zenye uzi, kali tena, nikatema chini kwa dharau. Ndipo akafungua daftari. Nyuzi zangu alikuwa ameziona, akazihamisha. Bidoni nilizozitemea mate mara ya pili zilikuwa zangu mwenyewe.

"Mama," akasema polepole, "ulimi wako ulisoma uzi."

Émérance alicheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu mwezi wa kwanza.

Nilitaka kuingia ndani nijifungie, lakini nikasema hapana, tumalize. Safari hii Héritière akamimina ndani ya vikombe vinavyofanana, yeye peke yake nyuma ya nyumba, na mimi na Habarurema tukaonja bila kujua lolote. Muzee alilalamika: "Mimi siko mutu wa kuonja, mimi ni mutu wa kunywa." Lakini akaonja. Hakuna iliyokuwa kali, ya Émérance wala yangu.

Basi nani aliharibu yale mapipa matatu? Héritière akaniuliza kitu gani kingine kiliingia nyumbani mwezi wa kwanza, na ndani ya hizi bidoni hakimo. Jibu nilikuwa nalo na sikulitaka. Ni kile kibuyu cha mama yetu, yaya. Kile cha kutunzia machicha ya pombe ya jana ili yaamshe ya kesho. Papa Cyprien, yule mfanyabiashara, aliniletea kutoka Kiwanja mwezi wa kwanza, nikakipokea kama mtu aliyefufuka. Kila pipa nikatia kijiko kimoja cha machicha yake, kama mama alivyofanya.

Tukapima tena. Bidoni sita, zote amekamua Émérance, tatu zimetiwa kijiko cha kibuyu, tatu hazikutiwa. Hakuna aliyejua ipi ni ipi isipokuwa daftari, na daftari alilala nalo Héritière. Siku ya tatu Muzee Habarurema akaonja kikombe cha pili, akatema: "Hii sasa ndiyo ile!" Akatema mara tatu, na mara zote tatu ilikuwa ya kibuyu. Mtoto akanipa kalamu, akasema niandike mwenyewe nilichokiona, kama kilivyo. Nikaandika.

Mama hakukosea. Yeye alikitumia kila wiki, levire wake walikuwa hai na wengi. Lakini tangu tulipokimbia kilikaa Kiwanja miezi mitatu bila mtu, na wale wa siki wakakirithi. Machicha nimeyamwaga kwa mikono yangu. Nililia, usiniulize. Vitu viwili viliingia nyumba yangu mwezi mmoja, nami nikaona kile chenye miguu tu.

Yaya, wewe ni mkubwa wangu, siwezi kukuamuru. Lakini katika hili sitarudi nyuma. Cyprien anaondoka Jumanne kwa njia ya Bunagana, ameapa kufika kwenu kabla ya mwisho wa mwezi. Nimemwambia barua hii asikupe faraghani, akupe Moïse akiwa amekaa hapo. Isomwe kwa sauti mbele ya wale wale walioisikia ya kwanza, na mbele ya wazee wa Béata. Pale pa uzi mweusi msiparuke. Wakicheka, wanicheke mimi. Na ukiona bado una shaka, usiniamini mimi wala Héritière: tafuta bidoni, mpe Béata ndizi akamue, upime mwenyewe.

Nisalimie shemeji Kataliko, mwambie dawa ya mgongo wake naitafuta. Msalimie Victoire na mtoto aliyemzaa njiani. Moïse mwambie mama yake mdogo anaomba radhi, na nguo ya arusi ninaanza kuishona.

Nilimwomba Émérance aongeze mstari wake hapa chini kwa mdogo wake. Alikataa. Alisema, "Barua ya kwanza uliandika peke yako. Na hii, andika peke yako." Vitu vyake bado amevifunga, viko karibu na mlango. Anangoja jibu lako.

Mungu aliyewavusha mpakani awalinde, awape mvua ya shamba na siyo ya hema, atukutanishe tena tungali hai, tukiwa na nywele vichwani.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata ninapokupinga,

Kahindo