Watoto wa Fisi Maji wa Nkome

Jumapili, 2 Machi 1952
Nkome tena, ziwani, juu ya lori la samaki la baba yake rafiki yangu Shirin. Mvua ilinyesha usiku, asubuhi kweupe. Mimi na Shirin tulilala kifudifudi matopeni tukimngoja korongo taji atoke na makinda. Kiota nilikigundua mimi. Walipotoka, kamera yangu kuukuu ya sanduku ilikwama. Yake mpya, zawadi ya mjomba wake, haikukwama.

Alhamisi, 6 Machi
Picha imesafishwa. Makinda mawili laini kama pamba, mama kainamisha shingo. Nzuri. Imenichoma. Baba yake ameibandika kwenye kioo cha duka lao hapa Geita. Wagonjwa wanaokuja zahanati niwafunge vidonda wananisimulia habari zake. Mimi nafunga bandeji.

Jumapili, 9 Machi
Nimewaona watoto wa fisi maji. Watatu, nyuma ya miamba, wanaparamia mgongo wa mama yao. Filamu imeniishia. Shirin alikuwa anasinzia kwenye lori. Nilimwambia sikuona kitu.

Ijumaa, 14 Machi
Shirin kapita zahanati na sambusa. Ananiita dada Vero, ananichekea kwa upendo. Angekuwa na roho mbaya ingekuwa rahisi.

Jumapili, 16 Machi

Tulipofika Nkome, Baba Masanja, mvuvi tuliyemzoea, alinionya kwa Kisukuma: kiboko amezaa kwenye mafunjo, asipite mtu. Nikaitikia. Shirin hasikii Kisukuma.
Akaniuliza, "Dada Vero, leo twende wapi?"
"Mimi nakaa hapa miambani. Wewe jaribu kule kwenye mafunjo. Nasikia kuna vifaranga vya bata."
Akaenda. Nilimtazama akienda.
Fisi maji wakatoka. Mtoto mmoja ana samaki mdomoni, jua limemwangukia usoni. Nilikuwa nimemweka sawa kabisa kwenye kamera. Kidole kiko tayari.
Kiboko akanguruma.
Nikaacha kamera pale pale, nikakimbia nikimwita. Nilimkuta amesimama, maji magotini, hawezi kusogea. Mguu unavuja damu, kachanwa na kisiki. Nilimvuta mkono. Kiboko alitufukuza mpaka ukingoni, kisha akamrudia mwanawe.
Shirin alihema muda mrefu. Baba Masanja alikuja mbio, akaniuliza kwa Kiswahili, "Si nilikuambia?"
Shirin akanigeukia. "Ulijua?"
"Nilijua."


Jumapili, 23 Machi
Lori limeondoka bila mimi. Nimefua. Nimepika. Nimekaa. Najichukia, na bado namfikiria yule mtoto mwenye samaki.

Jumanne, 25 Machi
Shirin amekuja zahanati kubadilishwa bandeji. Zamu ilikuwa yangu. Akakaa, akanyoosha mguu.
Kidonda kisafi, kinafunga vizuri. Nilikiosha taratibu.
"Nilimpiga picha yule mtoto wa kiboko," alisema. "Kabla mama yake hajaniona."
"Imetoka vizuri?"
"Vizuri sana."
Wivu ukanipanda, hapo hapo, nimeushika mguu wake. Nikaendelea kuviringisha bandeji. Sikuikaza.
"Jumapili nakwenda na kaka yangu," alisema. "Wewe usije."
"Sawa."
Akashukuru, akatoka akichechemea. Nikamwaga maji ya beseni, nikamwita mgonjwa mwingine.