Chungu Ulichokiosha, Mama

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naanza na goti lako la kulia, lile linalosumbua mvua zikikaribia: limetulia? Na kifua je? Kaka Hamisi aliniambia kwenye simu kwamba umeacha kukohoa, lakini Hamisi kwake kila mtu amepona ili asitumwe dawa, kwa hiyo nijibu wewe mwenyewe. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo inayoumwa, na ugonjwa wake nakutajia bila kuficha: ni wivu, Mama. Namwonea wivu mgeni wako Yona.

Huku ughaibuni anaitwa Jonas, wewe ndiye uliyempa hilo la Yona. Tunafanya kazi jengo moja. Ghorofa ya juu yetu wapo wanaotafuta gundi itakayoshika hata ndani ya maji. Chini yetu wapo wanaochunguza jinsi sikio linavyoyakamata maneno penye kelele nyingi. Waliwahi kunivalisha vidude masikioni, wakanichezea sauti za watu kumi kidogo zinitie wazimu. Jonas yeye hutengeneza ziwa ndani ya kompyuta. Ziwa letu, Mama. Anaweka upepo, anaweka joto, halafu anaonyesha maji ya baridi ya chini yanavyopanda juu na kuwaletea dagaa chakula. Watu wanampigia makofi. Alikuwa hajachovya hata kidole humo, na mimi niliyefundishwa kuogelea pale Ujiji nakaa nyuma na kupiga makofi pamoja nao. Ilipopatikana nafasi ya safari ya Kigoma, akapewa yeye, akayapime maji yenyewe, na akafikia kwako.

Kazi yangu unaijua. Ni vile vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyouvundisha muhogo mpaka unalainika na ukali wake unatoka. Nilimweleza profesa wetu, mama mmoja mkavu asiyecheka ovyo, kwamba nyumbani kwetu kuna chungu cha kuvundikia muhogo ambacho hakijaoshwa tangu enzi za bibi, kwa sababu ule utelezi wa ndani ndio unaoanzisha muhogo mpya. Macho yakamng'aa. Nikaona mlango umefunguka, nikamwomba niende kuuchukua mwenyewe. Akasema Jonas si yuko hukohuko, vibali anavyo, atauleta. Akishindwa kuleta kilicho hai, basi nitakwenda mimi.

Ndiyo maana nilikupigia nikakuomba umpe utelezi kidogo kwenye chupa. Ukasema umenisikia. Nyuma yako nikamsikia Yona akikusalimu "Mwakeye, Mama," kwa Kiha chake cha kujikwaa, na wewe ukacheka mpaka ukakosa pumzi. Nami hujacheka hivyo kwenye simu hata siku moja. Kisha ukaniambia tutaongea kesho, ugali wa mgeni unapoa. Nilibaki na simu mkononi kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake.

Halafu zikaja picha. Yona kwenye mkeka, kanzu ya marehemu baba imemfika magotini. Yona anakula samaki wetu mgebuka wa mawese, na kichwa, Mama, kile kichwa nilichokuwa nakigombania na Hamisi mpaka mnatuchapa, kiko kwenye sahani yake. Yona ananyoosha chandarua juu ya kitanda changu. Shangazi naye akanitumia ujumbe kutoka sokoni Mwanga kwamba mzungu wenu ana adabu, anabeba ndoo. Mimi ndoo nimebeba utoto wangu wote, na hakuna aliyemtumia mtu ujumbe.

Aliporudi, pua imemwiva kwa jua, alikuwa amekipakata chungu safari nzima. Tukakusanyika. Akakifungua kwa heshima, tukachungulia. Kilikuwa cheupe, Mama. Umekisugua kwa majivu, ukakisugua kwa mchanga, ukamalizia na sabuni na kukianika juani. Profesa alipitisha kijiti chenye pamba ndani yake, akakipaka kwenye visahani vyetu vya kuoteshea vijidudu, tukasubiri siku kadhaa, hakikuota kitu. Jonas akaeleza kwamba Mama alisema kitu hakiendi ugenini na uchafu wake.

Sikukukasirikia. Ungewezaje kumkabidhi mgeni utelezi kwenye chupa, apite nao mbele ya watu? Shangazi angekusema soko zima. Najua pia kwamba uliweka pembeni bakuli la maji ya zamani, ukaanzishia chungu kipya, Hamisi ameniambia. Wengine wote walisikitika. Mimi nilienda chooni nikacheka peke yangu, maana chungu safi kilikuwa na maana moja tu: ninakuja nyumbani.

Furaha hiyo haikufika jioni. Jonas alinifuata na kanga uliyoviringishia chungu, ile iliyopauka unayofunikia muhogo. Hiyo ulisahau kuifua. Nilijua palepale kwamba uzi mmoja tu kutoka kwenye ile kanga ungejaza visahani vyote, na safari yangu ingekufa. Yeye akaiweka puani, akafumba macho, akasema kwa Kiswahili, "Kwa Mama."

Hakusema kwa mama yako. Nilimnyang'anya, Mama. Nilimnyang'anya kwa nguvu mpaka akarudi nyuma.

Kesho yake profesa alituuliza mbele ya wote kama hakuna kitu kingine kilichogusa muhogo ule. Jonas akaniangalia. Alikuwa anajua, miaka mitatu amekaa karibu na meza yangu, anajua vizuri kabisa.

"Hakuna," nikasema.

Naye akanyamaza. Akanisitiri. Hilo nalo limeniuma, kwa sababu ndivyo ungefanya wewe, na sitaki awe na tabia zako.

Tiketi imekatwa. Nitakuja mvua zikikatika, na nitachukua utelezi kwenye chungu kipya kwa mkono wangu, kwa hiyo tafadhali sana usikiguse na sabuni. Kanga iko kitandani kwangu na sijamwonyesha mtu. Jonas ameuliza kama anaweza kufuatana nami akapime maji tena. Nimemwambia ziwa lake liko kwenye kompyuta.

Msalimie Hamisi na mkewe, umwambie wifi mtoto akizaliwa kabla sijafika wasimpe jina wakamaliza. Msalimie shangazi na meza yake ya mawese. Msalimie mama wa Kirundi jirani yetu anayekusaidia kumenya muhogo, na fundi wa Gungu aliyeshona sare zangu za shule kama bado anashona.

Nikifika, Mama, usiniulize habari za Yona kabla hujaniuliza zangu.

Mimi binti yako, yule wa kumzaa,
Zaituni