Kiwavi juu ya sahani yangu

Jumanne.

Eti nisimguse! Kiwavi anatafuna mche wangu wa mlimau, ule mmoja tu uliopona baridi, na mjukuu wangu Rehema ananiambia, "Bibi, subiri, nimetuma picha kwa watu wa vipepeo wamtambue."

Nikasubiri. Mjinga mimi.

Leo wamejibu kwamba hawamjui. Rehema alimpiga picha juu ya sahani yangu ya maua ili apendeze, kumbe wanataka wamwone kwenye jani analokula.

"Jani lipi?" nikamuuliza. "Nenda kaangalie kama limebaki."

Akarudi ameshika kijiti kitupu cha mche, hakina jani hata moja.

"Lakini Bibi, atakuwa kipepeo mzuri."

Kikohozi changu hiki kinanitisha, sisemi tu, na mlimau ule niliutunza nije nipate limau la kutia kwenye chai. Kifua kikinibana, kwenye chai nikamulie kipepeo?