Nailoni Juu, Pamba Chini

Jumatatu, 4 Machi 1974
Nimetoka kiwanda cha nyavu Chang'ombe, moja kwa moja hadi Mtoni kusugua wavu wa uzio wetu wa samaki. Kazi ile ile. Wavu wa pamba umevaa utelezi wa kijani, matundu yameziba, mkondo unaugonga badala ya kupita. Boriti mbili zimelala upande. Mume wangu Bakari anasema wavu bado una nguvu. Hauna. Nimeuvuta kidogo tu ukachanika mkononi. Pamba inaoza, hata ukiichemsha na magome ya mkoko.

Jumanne, 5 Machi
Balozi wa nyumba kumi amepita. Jumapili analeta bwana mkubwa wa wilaya kukagua vikundi vya kufuga samaki. Kikundi chenye mazao kinabaki. Kisicho nayo, watu wake wanapandishwa lori kwenda kulima Kibamba. Samaki wetu, mwatiko, wamenona, lakini bamvua, yale maji makubwa ya mwezi, inaanza Ijumaa na wavu huu hautaihimili. Samaki wakitoka, tumeondoka nao.

Mama mkwe amewaambia majirani wasihangaike, Zuhura wake, yaani mimi, anafuma nyavu kwa mashine. Nimependa. Na ni kweli, naziweza.

Jumatano, 6 Machi
Meneja ameniruhusu kuchukua nailoni iliyokosewa na mashine. Kipande kirefu, chepesi, hakinywi maji, hakiozi. Nimekifunga kwenye boriti tupu pembeni ya uzio ili nikijaribu. Maji yanapita kama hakuna kitu.

Bakari ana wavu mpya wa pamba aliousuka kwa mkono tangu mwaka jana. Anataka uwekwe huo. Nimemwambia utaziba kama ule wa kwanza. Amenuna. Anune.

Ijumaa, 8 Machi
Aibu. Maji yamekuja kwa nguvu, nailoni ikapanda juu kama gauni la mtu anayevuka mto. Chini uwazi mtupu. Kama samaki wangekuwamo, saa hizi wangekuwa Kigamboni. Bakari alicheka mpaka akakaa kwenye tope.

Nikafunga mawe. Kati ya jiwe na jiwe wavu bado unapinda kwenda juu, na jiwe moja limezama topeni likachana matundu. Nina hasira. Zaidi kwa sababu wavu wake wa pamba, tulipouchovya pale pale, ulikunywa maji ukasimama wima hadi chini.

Jumamosi, 9 Machi
Nimeipata nikiwa kwenye foleni ya sukari, duka la ushirika. Nailoni juu, maji yapite. Pamba chini, inywe maji iwe nzito. Ikioza, tunabadilisha ukanda wa chini tu. Nimeiacha foleni. Sukari haijanoga kiasi hicho.

Shida, lazima wavu wa Bakari ukatwe. Nilimwambia wazi, mkasi mkononi. Aliupapasa kutoka ncha hadi ncha.

"Kata," akasema. "Ila usipopatia, mie na wewe tutalima mihogo Kibamba."

Akashika upande mmoja ili ninyooshe. Tumeshona hadi maji yalipokupwa, tukauzungusha nje ya ule wa zamani, kisha tukaushusha wa zamani. Vidole vinauma. Nampenda huyu mwanamume, hata akinuna.

Jumapili, 10 Machi
Bwana mkubwa alifika na viatu vyeupe, maji yakiingia kwa kasi. Sikuwa na hofu. Nailoni ilijikunja katikati, ikarudi. Bakari alizamia, akapapasa chini kuzunguka uzio wote. Alipoibuka hakumtazama bwana mkubwa, alinitazama mimi.

"Umekaa," akasema.

Mwatiko wakaanza kuruka wenyewe, kana kwamba wameitwa. Balozi akatangaza kikundi kinabaki. Nilijua. Niliwaambia.

Jumanne, 12 Machi
Zamu ya asubuhi, nimerudi mapema. Nimemkuta mama mkwe chumbani kwake, amekaa sakafuni, anafungua mafurushi ya kanga. Sufuria. Mbuzi ya kukunia nazi. Mbegu za mchicha kwenye kitambaa. Picha ya marehemu baba mkwe. Vyote vilikuwa vimefungwa kwa safari, sijui tangu lini. Hakuniangalia.

Niliumia kidogo. Kisha nikakaa karibu yake. Furushi la pili fundo lake lilikazwa sana. Tumelifungua pamoja.