Khanga ya Shangazi Haichuji

Dada Monika, shikamoo. Tabora nimefika salama, na asali nimeshailamba.

Mwenyeji wangu amezaa mtoto wa kiume, ila nepi zake zikawa zinageuka nyekundu. Wote wakailaumu khanga mpya nyekundu anayofunikwa mtoto, aliyoletewa na shangazi yake: inachuja! Shangazi akanuna. Nami, mkunga wenu, nikachana shuka langu jeupe nikamvika nepi, bila khanga. Nalo likawa jekundu. Kumbe ni mkojo! Daktari akasema ni ugonjwa wa kuzaliwa nao, unaofanya mkojo uwe mwekundu na ngozi isivumilie jua: jua litamuunguza, tukimkinga, atakua.

Basi siku ya sherehe ya kumtoa mtoto nje, badala ya asubuhi, tumesubiri jua lizame. Shangazi kamtoa mwenyewe, kamfunika khanga ileile, anacheza: “Haichuji! Haichuji!”

Nawe nimekununulia doti kama hiyo. Ivae bila wasiwasi.

Mdogo wako akupendaye,
Roza